Mpunga wa Kihenge Kimoja

Lipangalala, Ifakara
Juni, 1998

Skola mwenzangu,

Tangu tujuane sijawahi kukuandikia barua. Ya nini, na wewe ulikuwa ng'ambo ya ua wa mabua tu, nikikohoa unaniitikia? Karatasi hii nimeinunua, kalamu nimeazima kwa mwanao Teodora, kwa hiyo ujue nina jambo. Najua ungenisema. "Truda, karatasi nzima kwa maneno ya kusemwa bure?" Ndiyo, nzima. Siku hizi sina pa kuja kuyasema bure, na ukinisikiliza mpaka mwisho utaelewa kwa nini.

Nianze na ugomvi, maana nimekaa nao moyoni mwaka na zaidi. Asubuhi ile ya masika ulipolalamika kichwa nilikwambia twende hospitali. Ukasema dawa za kichwa zipo ndani, tusitupe pesa, utalala kidogo. Kesho yake nilikohoa, hukuitikia. Nilikuja mbio nikakukuta umechemka mwili mzima na macho hayanijui. Tulikubeba kwenye baiskeli ya mumeo, mimi nakushika kwa nyuma, na hospitali walijitahidi, siwezi kuwasema. Lakini wewe nitakusema. Kubana matumizi tulikubaliana ni kwenye sabuni na mafuta ya taa. Nani alikwambia ubane na mwili wako? Nilikukasirikia hata wakati wanakuosha. Bado nakukasirikia siku nyingine, hasa jioni, saa ya kupika.

Saa ya kupika ndiyo inayonimaliza. Unakumbuka tulivyoanza? Ndiyo kwanza nimehamia hapa na Baba Kasto, yeye akikata miwa huko Kidatu na kurudi mwisho wa mwezi na mshahara ulioliwa nusu njiani. Wewe ulikuwa na Longino wako na baiskeli, anabeba mizigo ya watu kutoka kivukoni, leo kapata, kesho kakosa. Ulinikuta nimewasha jiko la mkaa, nimebandika birika. Ukasimama uani, hata karibu hukungoja. "Dada, moto wote huo ni wa chai peke yake?" Nilikuona mwanamke mwenye maneno sana. Kumbe ndiyo tunaanza kuishi. Kutoka siku ile hatukuwasha moto mara mbili kwa jioni moja. Wali wangu ukikauka, makaa yanavuka ua kwenye kigae kuja kuivisha maharage yako, ambayo ulikuwa umeyaloweka tangu asubuhi ili yasile mkaa.

Mche wa sabuni tuliununua mmoja, ukaukata vipande kwa uzi, ukavianika juu ya dari mpaka vikawa vigumu, kwa sababu sabuni mbichi inayeyukia kwenye beseni na pesa yako unaimwaga pamoja na povu. Mafuta ya taa debe moja, tunagawana, wakati majirani wanapimiwa vichupa dukani kila jioni. Tukikoboa mpunga, mchele mzima tunauza, chenga tunakula sisi, pumba tunawashia moto. Njiti za kiberiti ulizipasua kwa wembe, njiti moja mbili. Hilo la njiti nilikataa, Skola. Nilikwambia siku moja utajikata kidole na bandeji itatugharimu kuliko kiberiti. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Na kweli ulijikata, na ulikificha kidole kwenye kanga kutwa nzima nisikione.

Watu walituita mabahili. Sisi hatukuwa mabahili, tulikuwa na watoto. Bandu bandu huisha gogo, ndivyo ulivyokuwa unasema, na gogo letu lilikuwa dogo.

Lakini kitu ulichokibuni wewe kwa akili yako, ambacho sijakiona kwa watu wengine hapa bondeni, ni kuchanganya mpunga. Kila mwaka tunavuna, na mpunga haujakauka vizuri uwanjani malori ya Dar yameshafika. Kila nyumba ina shida yake, kila baba ana sababu yake, basi unauzwa, tena kwa lumbesa, gunia limeshindiliwa mpaka limeota shingo na bado linahesabiwa gunia moja. Ikifika mwezi wa pili, watu wale wale wamesimama dukani wananunua mchele walioulima wenyewe. "Tunauza kwa gunia, tunanunua kwa kibaba," ulisema, "wazimu upi unazidi huu?" Ukashauri mavuno yako na yangu yaingie kwenye kihenge kimoja, kile kilichomo kwenye kibanda changu cha nyuma, yachanganyike kabisa. Mumeo akija na sababu yake, aambiwe humo ndani mna mpunga wa Baba Kasto. Baba Kasto akija na yake, aambiwe mna wa Longino. "Tukichanganya, hakuna wa kusema huu wangu." Na kihenge hakifunguliwi mpaka mvua ikate barabara, malori yasiweze kuingia. Hapo ndipo tunakula, na ukizidi tunauza kwa bei ya mwenye njaa. Waume zetu walinuna mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili walikula wakanyamaza.

Sasa nikwambie yaliyotokea ulipoondoka.

Ulituachia mpunga unachanua. Tuliuamia ndege mimi na Teodora, zamu kwa zamu pale kwenye dungu. Mtoto anarusha mawe huku analia, nami sikumnyamazisha, maana ndege waliogopa kilio kuliko mawe. Tulivuna shamba lako kwanza, halafu langu. Tukaupiga, tukaupeta, tukauanika kwenye mikeka yako. Siku ya kuuingiza nilisita. Nilijiuliza kama kuna haki ya kuchanganya mali ya marehemu na yangu. Teodora akaniambia, "Mama mdogo, mimina tu, ndivyo mama angefanya." Nikamimina wako juu ya wangu. Nilikaa kwenye vumbi la mpunga nikalia kama siku ya msiba.

Haukupita mwezi akaja kaka mkubwa wa Longino, yule wa Mlimba, mwenye kofia. Alishuka kwenye treni na neno moja: ndugu yao hawezi kuacha mkewe alale chini ya udongo mtupu na vijiti viwili vya msalaba. Kaburi lijengewe. Saruji, mchanga, fundi, padre aje abariki, na watu walishwe wali na nyama. Pesa itoke wapi? Itoke kwenye mpunga wa marehemu mwenyewe. Mnunuzi alikuwa ameshaongea naye stesheni, lori lingekuja asubuhi.

Skola, hebu niambie, ungefanya nini? Lilikuwa kaburi lako. Si redio, si pombe, si suruali mpya. Longino alikuja kwangu jioni, akasimama mlangoni hakuingia. Alikuwa amekonda, shati lile la bluu linamning'inia. Alisema anaona aibu kupita makaburini, wenzake wake zao wamejengewa. Mumeo alikupenda, nakwambia hili kwa sababu ulikuwa na tabia ya kutoliamini.

Baba Kasto alikuwa nyumbani mwisho wa mwezi ule. Akanionya nisiingilie msiba wa watu. Alisema mwenye mke ndiye mwenye kaburi, mimi ni jirani, na jirani kazi yake ni kuleta kuni na kulia. Alikuwa na haki. Nilikubali kwa mdomo.

Usiku ule nilipiga hesabu kichwani, zile hesabu zetu za chumvi na mkaa. Wanao wanne. Baba wa mzigo wa leo kapata kesho kakosa. Nusu ya kihenge ikitoka, itakayobaki itawafikisha wapi? Mwezi mmoja baada ya barabara kukatika, kama Teodora atapima vizuri. Baada ya hapo wataanza kwenda dukani na kikombe. Na Teodora, Skola, msichana mkubwa ambaye nyumbani kwao hamna chakula, wewe na mimi tunajua kinachofuata. Kuna watu walikuwa wameshaanza kumuulizia kwa baba yake.

Lori lilipokuja asubuhi, nilikwenda nikakaa kwenye mlango wa kibanda, chini kabisa, nikanyoosha miguu kutoka mwimo mpaka mwimo. Nilikuwa bado nimejifunga kitambaa cheusi cha msiba wako. Unajua kwetu huku hakuna mwanamume mwenye akili zake atakayeruka miguu ya mwanamke aliyekaa chini, sembuse mfiwa. Wapakiaji wakasimama na magunia yao mabegani. Yule kaka akanisalimia vizuri, akaniomba ninyanyuke. Nikamwamkia shikamoo, nikamjibu kila salamu, sikunyanyuka. Akasema wanataka nusu tu, fungu la marehemu. Nikamwambia atenganishe basi, anioneshe punje ya Skolastika ni ipi na ya Edeltruda ni ipi. Nikasema sisi tuliuchanganya ili mmoja asiuze peke yake, na kufa hakujavunja mkataba. Barabara ikikatika, waje, nitafungua mwenyewe.

Jua lilinipiga pale mpaka kichwa kikazunguka. Watu wakajaa. Nilisikia kila kitu walichosema. Kwamba nimemla rafiki yangu ili nile na mpunga wake. Kwamba urafiki wa kuazimana makaa mwisho wake ndio huu. Mwanamke mmoja, simtaji, niliyemkopesha chumvi wiki ile ile, alitema mate. Baba Kasto alichukua begi lake akarudi Kidatu kabla likizo yake haijaisha. Longino alimwangalia kaka yake, akaniangalia, akageuza baiskeli akaondoka. Saa kumi mnunuzi akachoka, akaenda kupakia kwa watu wengine.

Kwa hiyo saruji haikununuliwa. Ulibaki na udongo wako na msalaba wa mti aliouchonga Longino mwenyewe. Ni mimi niliyekunyima kaburi, Skola, si mumeo. Nimetaka ulisikie kwangu.

Halafu zikaja mvua. Redio iliziita elinino, wazee walisema hawajaziona tangu wazaliwe. Zilianza kabla ya Krismasi na hazikupumzika. Kilombero ilitoka kwenye njia yake ikaja kututembelea majumbani. Kivuko kikasimama, watu wa Lupiro, ng'ambo ya mto, wakawa kama wako nchi nyingine. Barabara ilikatika mapema kuliko miaka yote, na Longino akakaa na baiskeli yake ukutani, hana mzigo wa kubeba. Mchele dukani ukawa unapimwa kwa kikombe na kuulizwa bei kwa sauti ya chini. Ndipo nilipomwita Teodora, tukafungua kihenge pamoja.

Walikula, Skola. Nataka ulijue hili kuliko yote. Wanao wanne na wangu watatu walikula kila siku, chenga na majani ya maboga, siku nyingine samaki, maana maji yalileta samaki mpaka kwenye mitaro. Teodora ndiye alikuwa akipima. Anapima kama wewe, anapitisha kiganja juu ya kopo, zilizozidi zinarudi. Longino alikuwa akija kula kwetu jioni kwa sababu moto ulikuwa mmoja. Hakuwa akiongea na mimi, lakini sahani alikuwa akiirudisha tupu. Wale waliokuja kumuulizia Teodora hawakurudi. Hata kaka mwenye kofia alituma mtu kutoka Mlimba kuomba debe moja. Nilimpa. Nilimpimia debe la kukatwa kwa fimbo, bila kilima, na nikamwambia mjumbe amweleze kwamba limetoka kwenye fungu lako. Ndiyo, nilifurahi kusema hivyo. Sijawa malaika.

Maji yalipoondoka mwezi uliopita, tulikwenda kukupalilia. Mimi, Longino na Teodora, na jembe moja. Nilikuwa nimejiandaa kukusimulia yote haya pale pale, kwa mdomo, bure.

Skola, hatukukuona.

Unajua walikuzika ile sehemu mpya, chini kuelekea mtoni, na wiki ile walizikwa wengine wawili karibu yako. Maji yalisimama pale muda mrefu. Matuta yote yamelala, misalaba ya miti imekwenda na maji, na ule mti tuliokuwa tukiushika alama umeng'oka. Makaburi ya saruji yapo, nimeyaona, yametapakaa matope lakini yapo, na majina yanasomeka. Upande wako pamebaki sehemu tatu zilizobonyea kidogo, basi. Longino akasimama kwenye ya kwanza, akasema ni hii. Teodora akasema hapana baba, ni ile ya kati. Na mimi, niliyekuwa nikija hapo kila Jumapili kabla ya mvua, ningeapa mbele ya padre kwamba ni ile ya mwisho. Tulibaki tumesimama hivyo, kila mtu na lake, hakuna aliyethubutu kumbishia mwenzake.

Kisha Longino akaongea nami, mara ya kwanza tangu siku ya lori. Hakupandisha sauti. Alisema, "Shemeji, watoto wameshiba. Nakushukuru. Lakini mimi nilitaka mahali pa kusimama." Akachukua jembe akaanza kulima majani pale alipokuwa amesimama, na machozi yanamtoka.

Nimelifikiria neno lake mpaka kichwa kinauma. Sikuombi radhi, na yeye sikumwomba. Lori likija tena kesho nitakaa tena pale mlangoni na miguu yangu hii. Nikiwatazama wanao walivyonenepa mashavu baada ya mwaka kama ule, siwezi kusema nilikosea. Lakini nakosa pa kuja, Skola. Nilidhani kilichookolewa kimeokolewa, sikujua kuna kitu kinatolewa upande wa pili, na kwamba kitatolewa kwa Longino na kwangu na kwako. Wewe uliyejua bei ya kila kitu, ungenionya. Au usingenionya, ungekuja ukakaa karibu yangu pale mlangoni, umenyoosha miguu. Nadhani ungekaa.

Mavuno ya mwaka huu si mazuri, shamba la chini lilizama, lakini la juu limetupa kidogo. Juzi Longino mwenyewe alileta magunia yenu kwa baiskeli. Sikumwita. Aliyamimina kihengeni juu ya yangu, akajipangusa vumbi, akaomba maji ya kunywa. Baba Kasto naye karudi. Akanisaidia kukandika pale udongo ulipopasuka, na hakuna aliyetaja mambo ya mwaka jana.

Basi nakuaga, karatasi inaisha. Ahadi yangu ni hii, na Longino ameikubali, na Teodora ndiye atakayepima. Barabara ikikatika tutafungua, watoto watakula kwanza. Kitakachozidi tutauza kwa bei ya mwenye njaa, mwaka huu, na mwakani, na wa tatu kama italazimu, mpaka tununue saruji. Na kwa kuwa hatujui ni lipi, tutayajengea yote matatu. Nimeshauliza waliozikwa hapo na wewe ni nani. Mmoja ni mzee aliyekuja na ng'ombe kutoka Usukumani, ndugu zake wamehama na mifugo yao. Mwingine ni mtoto mchanga. Saruji ya kaburi moja nilikataa, na sasa nimejitwisha ya makaburi matatu, mimi Truda. Gombeza utakavyo.

Lala, Skola wangu, popote ulipo kati ya hao watatu. Na hao wawili ulio nao, waambie na wao tunakuja.

Mwenzako wa moto mmoja,
Truda